Kumi na Mmoja Wanaosubiri

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa viwandani, mahotelini, mashambani, migodini na kwenye makampuni ya ulinzi,

Chukueni mfano wa kiwanda chenye wafanyakazi 200. Waliojaza fomu ya chama cha wafanyakazi ni 90. Hao 110 waliobaki hawakipingi chama. Ukiwauliza, wengi watakwambia chama ni kitu kizuri, ila wanasubiri kwanza waone kitaleta nini. Basi kwa hesabu hiyo hakitaleta kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema chama kitakachotambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi, chenye haki ya kukaa mezani na mwajiri, ni kile chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali hapo. Katika watu 200, wanatakiwa 101. Wamepungua 11. Watu kumi na mmoja, wasio na ubaya na yeyote, wamewafungia wenzao 189 mlango wa majadiliano, na wenyewe wamebaki nje pamoja nao.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tumeambiwa tangu utotoni. Sheria yetu imekwenda mbele zaidi: imetaja vidole vingapi vinatakiwa. Waraka huu nawaandikia hao kumi na mmoja.

Najua jibu la kwanza litakalokuja: haki zetu si zimeshaandikwa? Zimeandikwa, kweli. Sheria hiyohiyo inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu ilipwe mara moja na nusu ya mshahara, likizo ya mwaka iwe siku 28 na likizo ya uzazi siku 84. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwandani na kwenye biashara wakati huo kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai uwe mwanachama.

Lakini jiulize: ovataimu isipolipwa, nani atakwenda kuidai? Mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, uko wazi kwa kila mtu. Hata hivyo mfanyakazi aliye bado kazini, mwenye kodi ya nyumba na ada ya shule mbele yake, ni nadra kumshitaki bosi ambaye kesho asubuhi atamkuta getini. Mara nyingi mtu huikumbuka CMA akiwa ameshapewa barua ya kufukuzwa, na hapo ana siku 30 tu za kufungua shauri. Chama kilichotambuliwa hudai kwa jina la wote mkiwa bado kazini, wala hakuna mmoja wenu anayelazimika kutoa shingo yake peke yake.

Tena kima cha chini ni mahali pa kuanzia tu. Kinachompandisha mfanyakazi kutoka hapo ni mkataba wa hali bora, ule unaosainiwa na chama na mwajiri. Humo ndimo huandikwa nyongeza ya mshahara, usafiri wa zamu ya usiku, chakula, matibabu, na msaada wa mazishi mtu anapofiwa. Ukishasainiwa unambana mwajiri kisheria, hata meneja aliyeusaini akiondoka na kuja mwingine asiyewajua.

Wapo wenzetu wanaosema: mimi nina ujuzi wangu, nikiwa na shida naongea na bosi mwenyewe. Ni kweli, fundi mzuri husikilizwa pale anapohitajika. Tuangalie siku asipohitajika. Mashine mpya imeletwa, au biashara imeyumba, na kampuni inapunguza watu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliofanya kazi, na hesabu inakomea miaka kumi. Aliyefanya kazi miaka kumi anapata siku 70, na aliyemaliza ishirini mahali hapohapo anapata siku 70 vilevile. Sheria inamtaka mwajiri, kabla ya kupunguza, atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama alichokitambua juu ya nani aondoke, kwa vigezo gani na kwa malipo gani. Mahali penye chama imara, malipo hayo yanaweza kuvuka siku 70, kwa sababu zile zimewekwa kuwa za chini kabisa. Pasipo na chama, mashauriano hayo yanaweza kugeuka tangazo linalobandikwa ukutani.

Sasa nije kwenye hofu, maana ndiyo inayowashika wengi zaidi. "Nikijiunga nitafukuzwa." Sheria inakataza mtu kubaguliwa au kuadhibiwa kwa sababu ya uanachama wake, na Tanzania imeridhia mikataba miwili mikubwa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya jambo hili: namba 98 mwaka 1962 na namba 87 mwaka 2000. Lakini sitawadanganya. Bosi mjanja hatakuandikia kwamba anakufukuza kwa ajili ya chama. Atasema umechelewa, au atangoja mkataba wako uishe. Anayejiunga peke yake, kisha akaanza kusema kwa sauti kantini, anajiweka pabaya.

Kwa hiyo msijiunge mmojammoja. Zungumzeni nje ya kazi, siku ya mapumziko. Kusanyeni fomu kimyakimya mpaka mvuke nusu, kisha zipelekwe zote kwa mkupuo mmoja. Mtu mmoja huitwa ofisini akapewa barua ya onyo. Watu 101 hawana ofisi ya kuwatosha, na zamu ya asubuhi haiendi bila wao. Chama kikishapeleka maombi ya kutambuliwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikaidi, suala linakwenda CMA.

"Mimi ni kibarua tu, chama ni cha wenye ajira." Msemao hivyo, historia ya nchi hii inawakataa. Wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma Septemba 1947 wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, wakichaguliwa kila asubuhi kama watapata kazi au watarudi nyumbani. Mgomo wao ulifuata njia ya reli mpaka miji ya bara, wakapata nyongeza ya mshahara, na baada yake wakaunda chama. Chama hicho kilifutwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioishia kwa vurugu, lakini fundisho lilikuwa limeshaenea. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Sehemu ya nguvu iliyoleta uhuru ilitoka kwa makuli, wahudumu wa hoteli na wakata mkonge. Hawakungoja ajira zao ziwe za kudumu ndipo waungane.

Limebaki lalamiko zito kuliko yote, nami silidharau: vyama vyenyewe vimelala. Viongozi tunawaona Mei Mosi, wanagawa fulana na kofia, tunaandamana mbele ya jukwaa, kisha kimya mpaka mwaka ujao. Lalamiko hili lina mizizi. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wa vyama walikamatwa, shirikisho likavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja cha nchi nzima ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye akawa ndiye Waziri wa Kazi. Baadaye ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya chama tawala. Mpaka miaka ya 1990 vizazi viwili vya wafanyakazi vilikuwa vimezoea kukiona chama kama idara ya serikali inayokata ada. Vyama vya leo, ambavyo vingi viko chini ya shirikisho la TUCTA tangu 2001, vinasimama kwa sheria nyingine, lakini mazoea hayafutwi kwa sheria. Manung'uniko ya walimu juu ya asilimia 2 ya mshahara iliyokuwa ikikatwa na chama chao yamesikika nchi nzima.

Sasa fikirini dawa yake. Mahali chama kinapotambuliwa, sheria inaruhusu kikubaliane na mwajiri kuwakata ada ya uwakala hata wasio wanachama, mradi isizidi ada ya mwanachama, kwa kuwa nao wananufaika na mkataba wa hali bora. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, asilimia 2 ni shilingi 6,000 kila mwezi. Aliyekaa pembeni kwa hasira anaweza kulipa 6,000 hiyohiyo, ila hana kura ya kumchagua mwenyekiti wa tawi, wala nafasi ya kusimama mkutanoni kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mwanachama anazo zote mbili. Sheria inakitaka chama kikaguliwe hesabu zake na taarifa iwekwe mbele ya wanachama. Kiongozi aliyelala hana adui wa kumwogopa zaidi ya mwanachama anayehudhuria kikao akiwa na swali mkononi. Ukimsusia, unamwongezea usingizi.

Na vyama hivi hivi vikisukumwa vinaweza. Mnakumbuka kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mwaka 2018 kanuni mpya ilitaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, wakati watumishi wengi wa umma walikuwa wamezoea asilimia 50. Kelele zikapanda maofisini, mashuleni na hospitalini, na Desemba 28 mwaka huohuo Rais Magufuli, akiwa na viongozi wa vyama na wa mifuko ya hifadhi ya jamii, akaisimamisha. Baada ya mazungumzo ya serikali, waajiri na wafanyakazi, mwaka 2022 ilikuja asilimia 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50. Haijarudi ilikokuwa, na madai hayajaisha. Lakini hakuna mstaafu mmoja ambaye angeandika barua ya malipo yake mwenyewe na kuisogeza kanuni hiyo hata kwa asilimia moja.

Basi tufanye nini? Mwezi huu, kila mmoja ajue chama cha sekta yake. Viwanda, biashara na fedha wana TUICO. Mahoteli na kazi za majumbani wana CHODAWU. Mashamba wana TPAWU, migodi TAMICO, uchukuzi COTWU. Usipotaka hata kimojawapo, sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama chao na kukisajili. Kabla ya kujaza fomu ya kuruhusu makato, isome: angalia ada ni kiasi gani na inakwenda wapi. Muulize ofisa wa chama lini atafika kuitisha uchaguzi wa tawi, na usimwache aende bila tarehe. Hakikisheni tawi lina wawakilishi wanawake, hasa kwenye viwanda vya nguo na vya kusindika vyakula, ambako mara nyingi wao ndio wengi na likizo ya uzazi ni rahisi kuibiwa. Halafu tafuta mwenzako mmoja wa zamu yako ambaye bado anasubiri, umweleze hesabu ya 101.

Mei Mosi ijayo tutapita tena mbele ya jukwaa. Tukipita tukiwa 90, mgeni rasmi atatupungia mkono na habari itaishia hapo. Wewe unayesubiri, jaza fomu yako wiki hii, ili siku hiyo kiwanda chetu kipite kikiwa na chama kilichotambuliwa, na mkataba wa hali bora ukiwa tayari mezani kwa mwajiri.