Akiba ya Chama na Umri wa Wanachama Wake

Mintarafu vyama vidogo vinavyowahudumia askari wa zamani, mazoea ni kusoma mstari wa mwisho wa hesabu za mwaka: ziada au nakisi. Kipimo hicho hudanganya. Katika chama chenye wanachama mia chache, wosia wa marehemu mmoja aliyekiachia chama nyumba yake waweza kuufanya mwaka mbaya uonekane wa neema. Mwaka unaofuata, pasipo kosa la mtu yeyote, nakisi hurudi. Ndiyo maana twapendekeza hesabu za miaka kumi zisomwe pamoja, kando ya orodha ya wanachama walio hai.

Ada hupungua kadiri wanachama wanavyofariki, lakini kodi ya ofisi, ukaguzi wa hesabu na mshahara wa karani hubaki palepale, huku kila mzee aliyesalia, au mjane wake, akihitaji dawa na matunzo kuliko alivyohitaji miaka ishirini iliyopita. Wafadhili nao hupenda kutenga fedha zao kwa kazi maalumu. Akiba ya benki yaweza kuwa nono, na bado karani akakosa nauli ya kwenda kumwona mgonjwa.

Nchini Uingereza, vyama vya wapiganaji wa Vita ya Pili ya Dunia vililikabili jambo hili waziwazi. Kile cha waliopigana Normandy, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilivunjwa 2014. Burma Star Association, ya mwaka 1951, ilifikia tamati 2020, na urithi wake ukachukuliwa na mfuko wa kumbukumbu unaofadhili masomo. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara: ni afadhali kukabidhi fedha zingali na kazi ya kufanya kuliko kungoja zimalizwe na kodi ya ofisi.

Huko Burma walipigana pia askari wetu wa Keya. Wanaohitaji msaada miongoni mwao, na miongoni mwa wenzao wa makoloni mengine, husaidiwa na Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoundwa Cape Town mwaka 1921. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi pauni milioni 12 kwa ajili ya wazee na wajane wapatao 7,000, ili wapate walau milo miwili kwa siku. Ahadi hiyo ilitolewa miaka 73 baada ya vita kwisha. Wengi wa waliostahili milo hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa.