Nduthi ya Anko Ilifika Samburu Bila Kutoka Railways

Wasee, juzi nduthi ya anko wangu ilifika Samburu bila kutoka Railways. Haikuibwa. Mwenyewe alikuwa ameikalia pale stage akingoja mteja. Mimi niko kwa meza na laptopu, na ramani yangu inaniambia jamaa yuko kaskazini mashariki mwa Maralal, zaidi ya kilomita 280 kutoka alipo. Nikampigia. "Anko, uko wapi?" "Niko kazini, kwani kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nikakata. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la biti moja.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Hiyo pikipiki alinunua kwa deni na ikaja na traka ndani. Akaambiwa atalipia apu kila mwezi ndio aone iko wapi. Akalipa vizuri. Halafu siku moja apu ikakataa kufunguka, na namba ya wauzaji ikawa haishikwi. Sasa fikiria: kifaa ni kizima, kimefungwa ndani ya pikipiki, laini yake inakula bando, na kila saa kinapiga kelele "niko hapa, niko hapa" kwa seva ambayo haiko. Deni nalo bado liko. Pikipiki ikiibwa, deni haliibwi nayo.

Anko akaniuliza swali moja tu. "Si wewe ulisomea hizi vitu?"

Ati nilisomea. Nilisoma kozi ya miezi kadhaa, najua kutengeneza tovuti, najua kuvuta JSON kutoka mahali na kuipaka rangi. Lakini traka haiongei JSON. Inaongea baiti tupu, na kwa hiyo kozi yote hakuna siku mtu alitufungulia baiti tukaziangalia. Hapo ndipo nina kesi na hii njia yetu ya kusoma programu: tunaanzia ghorofa ya kumi. Vitu vyenye vinashikilia maisha ya watu huku mtaani viko chini kabisa. Mashine ya kadi pale supamaketi inatuma ujumbe wa ISO 8583 wenye ramani ya biti mbele yake. Hata simu yako, kabla ya kufungua ukurasa wowote, inauliza DNS swali lenye kichwa cha baiti 12. Sisi tunaona tu matokeo.

Basi nikaingia. Traka ya anko inatumia itifaki ya GT06, yenye iko kwa vifaa vingi sana vya bei ya chini. Nikakodi seva ndogo, nikatumia traka SMS ya kubadilisha anwani, nikaandika mistari michache ya Python ya kusikiliza. Baada ya dakika mbili kitu kikaingia. Skrini ikaandika xx halafu takataka. Nikadhani nimeharibu. Kumbe hizo x mbili ndizo salamu yenyewe: kila pakiti inaanza na 78 78, na Python ikiona baiti 78 inaichapa kama herufi x, juu ndiyo namba ya hiyo herufi. Baiti inayofuata ni urefu. Ya nne ni aina ya ujumbe, na 01 maana yake ni "naomba kuingia". Kisha baiti nane za IMEI, kila nusu baiti ni tarakimu moja. Ukizichapa kwa heksadesimali unasoma IMEI moja kwa moja, na sifuri moja mbele. Nilitoa stika ya kifaa nikalinganisha. Ni ile ile. Manze, hiyo furaha sijawahi kuipata kwa tovuti yoyote.

Lakini hujamaliza. Traka ikibisha na usipoijibu, inakata na kubisha tena, siku nzima. Kwa hivo lazima pia ujue kuandika, si kusoma tu. Jibu ni baiti 10: 78 78 05 01, kisha namba ya zamu yenye traka ilikutumia, kisha baiti mbili za hesabu ya kuhakiki, kisha 0D 0A. Zamu ikiwa 00 01, hesabu inatoka D9 DC. Ukikosea hesabu hiyo, mlango haufunguki. Nilikosea usiku mmoja mzima kwa sababu nilikuwa nahesabu pamoja na zile 78 mbili za mwanzo, na hazihesabiwi.

Sasa mahali penyewe. Kwa Python kuna moduli inaitwa struct. Unaipa muundo, inakukatia baiti. Tarehe na saa ni baiti 6, setilaiti 1, latitudo 4, longitudo 4, kasi 1, mwelekeo 2. Jumla 18. Nikaandika 6BBIIBH, nikaipatia baiti zangu 18, ikakataa, ikasema inataka 20. Nilihesabu kwa vidole mara tatu. Shida ni kwamba usipoweka alama mbele ya muundo, Python inapanga namba kama vile kompyuta yako inapenda kuzipanga kwa memori, inaongeza baiti za kujazia katikati. Ukiweka alama mbele, inaacha hiyo tabia.

Nikaweka alama ya <. Hapo hesabu ikakubali, lakini latitudo ikatoka 190.97. Dunia inaishia 90, so anko alikuwa ameondoka kwa sayari. Baiti zilikuwa 00 23 7D 14. Mimi nilikuwa nazisoma kuanzia nyuma, na mtandao unaziandika kuanzia mbele, kubwa kwanza. Ukibadilisha iwe >, unapata 2325780. Gawanya kwa 1800000, unapata 1.2921. (Hizi pande mbili zilipewa majina na Danny Cohen mwaka 1980. Aliyatoa kwa kitabu cha Jonathan Swift, mahali watu wanapigana vita juu ya yai livunjwe upande gani. Nikisoma hivo nilicheka, juu mimi pia nilikuwa nimepigana na yai hadi saa nane usiku.)

1.2921! Hiyo ni Nairobi! Nikaweka kwa ramani na, ndio hivo, Samburu.

Nairobi ni 1.2921 kusini. Traka haitumi alama ya kutoa. Inatuma namba tupu, halafu ndani ya zile baiti mbili za mwelekeo kuna biti moja inasema kaskazini au kusini: 1 ni kaskazini, 0 ni kusini. Mfano nilioiga haukuwa unaiangalia hiyo biti kabisa. Na ukifikiria, kwa nini uiangalie? Ukiwa Ujerumani au China, namba inatoka sawa maisha yako yote. Ni sisi tunaoishi na ikweta katikati ya nchi ndio tunaumia, na kwetu inauma vibaya zaidi kwa sababu jibu la uongo bado liko Kenya. Linafanana na ukweli. Kama pikipiki ingekuwa imeibwa kweli, anko angepanda gari la Maralal kwa sababu ya biti yenye sikusoma.

Najua kuna mtu atasema siku hizi unauliza AI inakuandikia. Niliuliza. Ilinipa kodi safi, na hata hiyo haikugusa biti ya kusini. Sikatai kuitumia, naitumia kila siku. Lakini sikuona kosa kwa kusoma kodi. Niliona kwa sababu najua anko hukaa Railways.

Kuna mambo mengine madogo. Saa inakuja ya GMT, unaongeza 3. Mwaka ni baiti moja, unaongeza 2000. Na usidhani pakiti moja inaingia mara moja: TCP ni kama bomba, inaweza kukupa nusu ya ujumbe au ujumbe mbili na robo. Weka kwa ndoo, soma urefu, ongeza 5, ukifika hapo ndio ukate. Usikate kwa kutafuta 0D 0A, hizo baiti zinaweza kutokea hata katikati ya data.

Kitu kimeninyima usingizi kuliko hayo yote ni hiki. Ile "naomba kuingia" haina nenosiri. Ni IMEI peke yake, na hakuna chochote kimefichwa njiani. Mtu akijua IMEI ya anko anaweza kuandikia seva yangu kwamba pikipiki iko Mombasa, na seva itaamini. Mimi mwenyewe nimejaribu nikiwa kitandani, ilichukua mistari kumi na mbili. Na traka nyingi kama hizi zina waya wa kuzima injini kwa amri kutoka mbali. Kuna wasee wengi wanapanda hizi pikipiki za deni, na hawajawahi kuambiwa kifaa kinasema nini, kwa nani.

Saa hii nukta ya anko iko sawa, inatembea. Ameonyesha wenzake wa stage, na wawili wamesema wataniletea pikipiki zao Jumapili. Nimewaambia waje na IMEI imeandikwa kwa karatasi, wasinitumie kwa grupu ya WhatsApp. Mmoja ashatuma.