Kuweka mkate kwa nyama si kusota

Wasee, leo tusemezane ukweli. Wiki jana niliweka video nikipika mkate wa nyama, ule Wamarekani huita meatloaf. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, slesi tatu za mkate wa jana, yai moja. Tulikula watu wanne na kipande kikabaki cha asubuhi. Komenti ya kwanza? "Umesota aje hadi unajaza nyama na mkate?" Zikafuata zingine kama hiyo. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Kwani mnadhani hii chakula ilitoka kwa matajiri? Huko Marekani ilishika sana miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na watu wakakosa kazi. Nyama kidogo, midomo mingi, basi wakaongeza mkate mkavu. Mathee wangu amefanya hesabu hiyo hiyo maisha yake yote: nyama robo, viazi tele, supu ya kutosha, na hatukuwahi kulala njaa. Yeye tunamwita mpishi. Mimi ndio nimesota?

Na mkate hauko hapo kujaza tu. Nyama ya kusaga ukiipika peke yake hujikaza, maji yote yanatoka, unabaki na tofali. Mkate uliolowekwa kwa maziwa unashika yale maji na mafuta, nyama inabaki laini. Hata mwenye pesa anauhitaji.

Sasa nyinyi wa kumwaga pakiti mbili za viungo juu ya nyama mbichi mkiita hiyo ladha, wacheni. Ladha ni kitunguu kilichokaangwa polepole hadi kiwe kahawia. Ni saumu, tangawizi, dania, pilipili kidogo. Ni kumwambia mtu wa bucha asitoe mafuta yote, na asage ukiona. Changanya na vidole, usikande kama chapati. Halafu kaanga kipande kidogo uonje chumvi kabla ya kupika yote. Hiyo dakika mbili ndiyo watu wengi huruka.

"Lakini sina oveni." Hata mimi sina. Keki zangu zote za utotoni zilitoka kwa sufuria: mchanga chini, chombo cha keki ndani, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mkate wa nyama unaiva hivyo hivyo, kama saa moja. Dunga katikati; maji yakitoka bado mekundu, rudisha. Ukiiva, ngoja dakika kumi ndio ukate. Na tafadhali, jiko liwe nje. Makaa ndani ya keja iliyofungwa huua watu usingizini.

Mnataka kujua kusota ni nini? Ni kununua chipsi na smokie kila jioni ndio usionekane ukihesabu slesi za mkate, halafu tarehe ishirini unakopa nauli. Nimeishi hivyo mwaka mzima. Nilikuwa naona aibu kupika kidogo, kumbe aibu ndiyo ilikuwa inakula pesa yangu.

Huo mkate wa jana uko hapo kwa meza, unakauka. Upike leo. Halafu rudi na komenti yako ukiwa umeshiba.