Dalali akiondoka, hasara ya njiani ni ya nani?

Msikilizaji wetu wa Mabwerebwere, Kilosa, ukiambiwa uuze mazao kwa simu bila dalali, tazama kwanza maua ya Kenya. Kwa miaka mingi waridi la Naivasha limeuzwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi: bei huanza juu, hushuka, na anayewahi kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Siku hizi mashamba mengi huuza moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Ulaya, oda zikipita kwenye kompyuta. Dalali kapungua, kweli. Lakini ua likipata joto njiani limekwisha. Linataka chumba cha baridi, gari la baridi, kisha ndege, gharama ambazo wakulima wadogo wengi hawazimudu. Nawe, kabla hujakubali bei ya simuni, uliza: nyanya zikiozea njiani kwenda Dar es Salaam, nani analipa?