Meli ni ile inayokuja siku yake

Wadau, hebu tuanze na swali dogo. Kwa nini meli inaitwa meli?

Nimewauliza wenzangu chumba cha habari, watu na digrii zao, wengi wakabahatisha kwamba ni Kiarabu. Wapi! Kiarabu kilitupa merikebu. Meli ni Kiingereza, tena ni neno ambalo wengi wetu tunalifungua kwenye simu kabla hata ya kupiga mswaki: "mail". Ndiyo, hiyo hiyo.

Huko kwao lenyewe ni kinyonga. Lilianza likiwa na maana ya mfuko, Waingereza wakalitoa kwenye Kifaransa cha zamani. Likawa mfuko wa barua, kisha barua zenyewe, kisha huduma nzima ya kuzipeleka. Kuna "mail" nyingine ya deraya, zile nguo za vikuku vya chuma za wapiganaji wa zamani, na nyingine imejificha ndani ya "blackmail", yaani kumtishia mtu kwa siri zake ili atoe hela. Hizo mbili ni za ukoo mwingine, zimefanana tu. Na kwa wale wa sinema: Titanic iliandikwa RMS mbele ya jina lake, na hiyo M ni "mail". Ilikuwa na kazi ya kubeba barua.

Huku kwetu mambo yalianza 1872, kampuni ya British India ilipoanza kuleta chombo kila mwezi kutoka Aden mpaka Zanzibar, kikibeba barua kwa mkataba wa serikali ya Uingereza. Fikiria hali ya kabla ya hapo. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, ukikosa upepo unasubiri miezi. Ghafla kikaja chombo kisichoomba ruhusa kwa upepo, chenye tarehe yake. Wazungu wakisikika bandarini "the mail" imefika, watu wa pwani waliokuwa wakipakua mizigo wakaliokota neno na kulibandika kwenye chombo chenyewe. Barua zikateremka, jina likabaki.

Kwa hiyo siku mtu akikulalamikia kwamba vijana tunaharibu lugha kwa maneno ya Kiingereza, muulize anakwenda Unguja kwa nini. (Akisema ndege, basi amekushinda.) Neno hilo hilo sasa limerudi mara ya pili, tunaliita imeli, na wala halimtambui ndugu yake mkubwa aliyetangulia.

Ila mimi nataka kuwapeleka Salale, kata iliyoko delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Huko ilijificha Königsberg, manowari ya Wajerumani. (Manowari nayo ni ya Waingereza, "man-of-war".) Iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikapotelea kwenye mikoko. Waingereza wakaitafuta wee! Iliyowasaidia si darubini. Walipoipekua meli ya Kijerumani, Präsident, huko Lindi, walikuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale. Tarehe 11 Julai 1915 habari ya Königsberg ikaisha. Manowari iliponzwa na karatasi zilizokutwa melini. Hapo "mail" ilikumbuka asili yake kidogo.

Sasa hoja yangu. Leo anayekwenda Mafia kwa maji anapandia Nyamisati, hapo hapo Salale. MV Kilindoni, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020, rasmi inaitwa kivuko. Lakini ndani ya delta, kutoka kijiji hadi kijiji, ni mitumbwi, mashua na boti za mashine, na bosi wa ratiba ni maji. Yakipwa, chombo kinakaa kwenye tope na wewe unakaa nacho. Watu wa huko wana jina la kila chombo, na kila jina linakuambia utafika lini na utalowa kiasi gani.

Sisi wa magazetini tunachanganya tu. Mwaka 2012 MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, huyu aliandika boti, yule meli. Utasema ni maneno tu. Hapana. Msomaji akiona "meli" anaelewa kuna nahodha mwenye cheti, orodha ya abiria, majaketi ya kuokolea na siku ya kuondoka. Nikiandika "wananchi wapata meli" wakati kilicholetwa ni boti ya injini moja inayoondoka ikijaa, nimempamba mheshimiwa aliyekata utepe na nimemnyang'anya mama mjamzito wa delta swali lake: kesho ipo? Maana mkubwa akishapigiwa makofi ya meli, nani atarudi kumdai ratiba?

Wale wapakuzi wa Zanzibar, kwa maoni yangu, walikuwa waandishi bora kuliko sisi. Hawakukiita chombo kwa ukubwa wala kwa moshi wake. Walikiita kwa kazi kiliyoahidi kuifanya, na kilikuja kweli.

Mhariri mmoja aliwahi kunijibu, "Dogo, vyote vinaelea, peleka stori." MV Nyerere nayo ilikuwa inaelea mpaka tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa karibu na gati la Ukara. Ilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walizidi 200.

Mimi habari zangu za vyombo vya majini nimeanza kuziandika hivi: ni chombo gani, kinaruhusiwa kubeba watu wangapi, kinaondoka siku gani. Kama hakina siku, naandika hakina siku, hata kama utepe umekatwa na mkubwa gani.