Tahadhari: Sauti Ikikoroma, Simamisha Projekta

Projekta ikianza kukoroma katikati ya onyesho, mkono wa mwendeshaji hukimbilia kitufe cha sauti. Usikiguse. Zima mtambo, washa taa za ukumbi, waombe radhi watazamaji. Zaidi ya yote, usirudie rili hiyo hiyo eti kuhakikisha. Kama kichwa cha sauti kina ncha kali, kutu au uchafu uliogandamana, kila mita inayopita pale inachunwa. Kopi za mm 16 na mm 35 zilizobaki katika vituo vya utamaduni, maktaba na makabati ya watu huenda hazina pacha popote. Na mtambo ule ule utaichuna kopi ya kesho, na ile iliyoazimwa kutoka mji wa jirani.

Sauti ya filamu hizi ni mchoro tu: utepe mwembamba kando ya picha, unaopanuka na kusinyaa. Taa ndogo hupenyeza mwale katika utepe huo, na selo iliyo upande wa pili hugeuza mwanga kuwa umeme. Chochote kinachozuia mwanga husikika, liwe vumbi, tone la mafuta au mkwaruzo. Amplifaya haijui tofauti kati ya mkwaruzo na neno la mwigizaji, kwa hiyo ukiongeza sauti unaviongeza vyote.

Sasa tafuta mkosaji. Funga kwanza mwanga wa picha usije ukaunguza fremu, simamisha filamu, acha taa ya sauti ikiwaka. Mvumo ukiendelea, filamu haina hatia: taa inalishwa umeme usionyooshwa sawasawa, na kwa umeme wetu wa hertzi 50 mvumo huo huwa wa hertzi 100. Ukikatika pamoja na mwendo wa filamu, tazama matundu. Filamu ya mm 35 hupita fremu 24 kwa sekunde, kila fremu ina matundu manne, jumla 96 kwa sekunde. Hertzi 100 na hertzi 96! Sikio la kawaida halitenganishi, ndiyo maana mafundi hubadilisha amplifaya nzima ilhali mwale umesogea kidogo tu upande wa matundu. Ukisogea upande wa picha, utasikia mngurumo mzito unaodundadunda, ambao ni mistari inayotenga fremu.

Lakini usikimbilie bisibisi. Huenda mtambo uko sawa, na kopi moja ndiyo iliyochapwa kombo. Fundi akirekebisha lenzi ya sauti ili kuiridhisha kopi hiyo, zote zitakazofuata zitavuma, na kila moja italaumiwa kwa zamu yake. Weka alama mahali lenzi ilipo, kisha jaribu mtambo kwa kipande cha filamu ambacho unajua kuwa ni kizima na kisicho na thamani kikiharibika. Uchafu uondoe kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, si kwa kisu. Filamu yenyewe isipanguswe kwa maji wala petroli.

Kopi za mm 35 zilizochapwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina mtego wake. Utepe wao wa sauti hauna fedha kama ule wa zamani, ni wa rangi tupu. Ukiutazama si mweusi, ni wa bluu iliyochanganyika na kijani. Mtambo wa zamani wenye taa ya kawaida huusoma kwa shida, sauti ikatoka hafifu na yenye kelele nyingi. Kopi haijaharibika. Inahitaji kisomaji cha mwanga mwekundu, ambacho husoma hata tepe za zamani bila tatizo.

Hatari inayonitia hofu zaidi ni ile inayosikika kama sauti inayofifia na kurudi, hasa kwenye mm 16. Filamu imesinyaa au kingo zake zimejikunja, hailali tena sawasawa juu ya ngoma ya sauti. Fungua kopo. Ukikutana na harufu ya siki, asetati ya filamu inaoza na kutoa asidi. Asidi hiyo huchochea uozo zaidi, na mvuke wake huziharibu filamu zilizo jirani. Utepe wa sauti wa sumaku, ule wa kahawia ulio kwenye baadhi ya kopi, huuharakisha uozo huo. Katika nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, asetati mpya huchukua takriban miaka 40 kabla uozo haujaanza kushika kasi. Dar es Salaam na Mombasa kwa kawaida huwa na joto kuliko hilo. Kopi ya mwaka 1985, mwaka wa filamu ya Arusi ya Mariamu, ingekuwa imefika umri huo hata kama ingelala kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Filamu ya namna hiyo usiipitishe kwenye projekta, kwani meno ya mtambo hayatakutana na matundu na itachanika. Uozo haurudi nyuma. Baridi huuchelewesha, na muda huo utumike kuiskani picha pamoja na utepe wa sauti. Usingoje pua ikuambie: vipande vya karatasi vinavyotengenezwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, hugeuka kutoka bluu hadi kijani, kisha njano, kadiri asidi inavyozidi.

Mwenye kabati la filamu, fungua madirisha, vaa glavu, kagua kopo moja moja leo. Lenye harufu ya siki lisilale tena usiku huu pamoja na mengine, wala asipewe mtu mwingine bila kuambiwa.