Nyumba ya Nani Tunaikarabati?

BARAZA LA NGAMIANI
Na Mwanahamisi Kombo

Masika yakinukia, makundi ya WhatsApp ya hapa Tanga huanza kazi nyingine mbali ya salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Inatumwa picha ya nyumba iliyoinama upande mmoja, bati limeliwa na kutu, ukuta umebaki fito tupu. Chini yake kuna namba ya mweka hazina na maneno "tumchangie bibi yetu". Mwenye elfu mbili anatuma, mwenye elfu hamsini anatuma na jina lake linapanda juu kwenye orodha. Baada ya Jumamosi mbili tatu vijana wanatokea na makoleo, pamoja na mafundi waliokubali kufanya kazi kwa chakula cha mchana tu. Mimi huchanga, na nitaendelea kuchanga. Ila kuna swali moja ambalo sijaona likiulizwa kabla fedha hazijapelekwa dukani kwa mabati: nyumba yenyewe ni ya nani?

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuuliza. Siku ya msaragambo mtu alisimamisha miti yake na kufunga fito, majirani wakaja kukandika. Wanaume wanachimba udongo na kuukanyaga, wanawake wanateka maji na kupika, watoto wanapakwa tope kuliko ukuta. Jioni nyumba imesimama. Makuti yalichakaa baada ya miaka michache, mchwa wakaingia kwenye nguzo, na watu wakaitana tena. Nyumba ya namna hiyo haikuwa na thamani ya kuwafikisha ndugu kwa kadhi. Kilichogombewa ilikuwa minazi.

Saruji ndiyo iliyobadilisha hesabu. Chukua nyumba yoyote ya zamani hapa Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Mbele baraza, katikati ukumbi unaopenya hadi uwani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma jiko na choo. Aliyeijenga alifanya kazi bandarini, au reli, au alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Amekufa zamani. Watoto wake wametawanyika, wengine nao wamekufa na kuacha watoto, na nyumba bado inaitwa "ya familia". Ukihesabu warithi unaweza kumaliza vidole vya mikono yote miwili na kuanza vya miguu. Hakuna anayeweka hata msumari, kwa sababu kila mmoja anajua akitengeneza paa atakuwa amewatengenezea wenzake. Anayebaki ndani ni bibi mmoja, mjane au binti aliyeachika, anayehamisha kitanda kutoka chumba hadi chumba kukimbia mvua.

Ndipo wanapofika wasamaria wema. Wanalipa gharama ile ile ambayo warithi kumi waliikwepa kwa miaka ishirini. Na siku paa jipya linapong'aa, wale kumi wanakumbuka njia ya kwao.

Mwaka juzi nilifuatana na kikundi kimoja cha vijana, mchanganyiko wa wanafunzi wa madrasa na wale waliosoma pamoja shule ya msingi. Kazi yao ilikuwa safi. Waliondoa kenchi zilizooza na kuweka mbao zenye dawa, wakapigilia papi kwa nafasi sawa, wakaweka bati la geji 28 badala ya lile jembamba la bei rahisi linalochanika kwa upepo wa kusi. Ndani wakapiga lipu, sakafu wakaimwaga upya. Siku ya mwisho ikabaki rangi. Kijana aliyeshika ndoo akamwamkia mwenye nyumba na kumuuliza, anapenda rangi gani mbele. Bibi akaitikia marahaba, akatazama barabarani, akasema: "Huko ndani pakeni mnavyotaka, wanangu. Mbele paacheni hivyo hivyo. Wakiona pamependeza watakuja kugawana."

Vijana walicheka, wakidhani ni utani wa kikongwe. Sikucheka. Yule mama alikuwa amefanya hesabu ya mirathi vizuri kuliko sisi sote tuliosimama pale na simu zetu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana thumuni ikiwa mume ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Ni haki yake na imewekwa wazi, lakini thumuni ya nyumba ya vyumba sita haitoshi hata chumba kimoja kamili. Nyumba ikibomoka, hiyo thumuni haina wa kuiulizia. Ikisimama, dalali anapiga hodi.

Na huyo afadhali ana thumuni. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika mila za urithi na ambalo mahakama zetu zimelitumia miaka yote hii, linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Kumtunza ni kazi ya watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, wote wake wa mafundi cherehani, walitolewa kwenye nyumba zao na upande wa waume zao, wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Rufaa nayo ikaanguka mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Shauri likafika kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Sasa jaribu kufikiri kikundi cha kujitolea kimekwenda kuezeka nyumba ya mmoja wao wiki moja kabla ya shemeji kufika na kufuli. Kingekuwa kimemsaidia nani?

Msidhani ni balaa la kwetu peke yetu. Wamarekani walikuwa na kipindi cha televisheni, Extreme Makeover: Home Edition, kilichoanza mwaka 2003. Mamia ya watu wa kujitolea walijenga nyumba ya familia yenye shida kwa siku saba, basi kubwa likasogezwa, watu wakalia machozi. Nyumba moja kati ya hizo, kasri hasa, ilijengwa katika mji mdogo wa Georgia mwaka 2005. Wenyewe wakaiweka rehani kwa mkopo wa dola 450,000 wa biashara, biashara ikafa, na mwaka 2008 nyumba ikatangazwa kupigwa mnada. Familia nyingine zilizopitia kipindi hicho zililia na kodi za majengo na bili za umeme za majumba ambayo mishahara yao haikuweza kuyabeba. Kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Kwenye jimbo hilo hilo la Georgia ndiko ilikoanzia Habitat for Humanity, na nawasifu kwa jambo moja. Waanzilishi wake, Millard na Linda Fuller, walikwenda Zaire mwaka 1973, wakajaribu mpango wao wa nyumba kule Mbandaka, ukingoni mwa mto Kongo, kisha wakarudi kwao na kuanzisha shirika mwaka 1976. Utaratibu ulikuwa kwamba familia inashiriki ujenzi kwa jasho lake, inalipa gharama kidogo kidogo bila riba, na kuna mkataba unaoonyesha nyumba ni ya nani. Watu hukumbuka zaidi picha za Rais Jimmy Carter akiwa na nyundo mkononi, na kweli alianza kuwasaidia mwaka 1984. Mimi ule mkataba unanivutia kuliko nyundo.

Kwetu karatasi hiyo si ghali. Ni kikao kimoja cha warithi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na sheikh au padri kama familia inamsikiliza. Msaidizi wa kisheria naye yupo, sheria ya mwaka 2017 inamtambua na huduma yake ni ya bure. Kinachoandikwa ni kifupi: huyu mama ataishi humu hadi mwisho wa uhai wake, hakuna atakayeuza wala kupangisha bila ridhaa yake, na atakayevunja hilo atarudisha gharama za ukarabati zilizotolewa na watu. Sahihi, mashahidi, muhuri. Sisemi karatasi hiyo inamaliza ubishi. Shemeji mwenye njaa ya nyumba atatafuta wakili. Lakini atalazimika kuuliza kwanza, na mtaa mzima utakuwa unajua alichosaini.

Kama nyumba ni ya kupanga, mambo ni mepesi zaidi: mwenye nyumba aandike kwamba kodi haitapanda kwa miaka kadhaa, la sivyo mchango wetu umekuwa zawadi kwa mtu anayekula kodi. Na hizo video za bibi akilia mlangoni, jamani, ziacheni. Huyo shemeji naye ana simu.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa: mvua haisubiri kikao. Ni kweli. Ndiyo maana kuna turubai. Turubai zuri na kamba linamstiri mtu kwa wiki kadhaa na gharama yake haifiki robo ya paa, na wiki hizo ndizo za kuwapigia simu ndugu walioko Dar, Mombasa na Muscat. Ajabu ni kwamba wanapoambiwa watu baki wako tayari kulipia paa la nyumba ya baba yao, baadhi huona haya na kutuma fedha. Kikundi kile kimewahi kupata hivyo mifuko saba ya saruji kutoka kwa mjukuu ambaye hakuna aliyekuwa na namba yake.

Hivi sasa wana nyumba nyingine Makorora. Mabati yamenunuliwa na yamewekwa kwa jirani, turubai liko juu. Ndugu wawili wamesaini. Wa tatu anataka kwanza aonyeshwe risiti, na mweka hazina amekasirika kwamba anadhaniwa mwizi. Mimi naona aonyeshwe. Mtu anayedai risiti ameshakubali kwamba kuna kilichotolewa, na hilo lenyewe liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.